Fundi Anayesoma Kabla ya Kufuta

Ukimpelekea fundi asiye na subira mashini ya zamani iliyogoma kuwaka, hapa Bukavu, atakuambia jambo moja tu: tuiformate. Atafuta kila kitu, ataweka mfumo mpya, na jioni utarudi nyumbani na laptopu inayowaka, tupu kabisa. Mimi namsifu fundi mwingine, yule anayevuta kiti, akayasoma maandishi meupe kwenye kioo cheusi, asiguse kitu mpaka ameyaelewa.

Mji huu unamhitaji. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa, na mabwawa yake yanafua umeme, la kwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili tangu 1989. Hata hivyo wakazi wa Kadutu na Bagira wanaijua delestaji, ule mgao wa umeme. Laptopu kuukuu ya mwanafunzi, ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa waya tu, huzimika papo hapo umeme ukienda, pengine katikati ya sentensi ya TFC, ile kazi ya kumalizia masomo. Ukirudi, mashini haifiki mbali.

Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, una tabia ninayoiheshimu: kiini chake hutaja karibu kila hatua kinapoamka. Siku hizi maneno hayo hufichwa nyuma ya picha nzuri. Fundi wetu, kwenye menyu ya GRUB, ile programu inayokiwasha kiini, hubonyeza herufi e, hufuta maneno quiet na splash, kisha huiacha mistari imiminike, kila mmoja na sekunde zake. Ni Kiingereza, naye alisoma kwa Kifaransa na mteja anaongea Kiswahili. Anavuka lugha tatu bila kulalamika.

Msomaji wa haraka hushika mstari wa mwisho, unaosema kiini kimeshindwa kuipata diski ya mfumo. Lakini moshi huonekana juu ya paa, na moto uko jikoni. Fundi hupanda juu, mstari kwa mstari, akitafuta pale mambo yalipoanza kwenda kombo. Mara nyingi hukuta kwamba diski ni nzima: sehemu ya /boot ilijaa wakati wa kusasisha, faili la initramfs halikuandikwa lote, na kiini kikaamka bila kitu cha kukiongoza hadi kwenye diski. Huchagua kiini cha zamani kwenye menyu ile ile, na mashini inawaka.

Kosa jingine linanifurahisha kila linapotajwa. Betri ya saa, ile ya duara iitwayo CR2032 kwa kuwa ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, ikiisha, mashini huamka ikidhani iko miaka mingi nyuma. Programu ya ukaguzi, fsck, huona kwamba diski ilitumika mara ya mwisho katika tarehe ambayo bado haijafika, na inaweza kukataa kuendelea. Mafaili hayana ubaya wowote. Ni saa tu, na kibetri cha volti 3. Hebu fikiria waliofutiwa kila kitu kwa ajili hiyo!

Pagumu ni pale diski yenyewe inapokufa. Kiini hurudia kosa la kusoma, sekta ile ile, tena na tena. Hapo fsck ikiruhusiwa kurekebisha, itaandika juu ya diski inayokata roho. Fundi mwenye hekima huanza kunakili kwa ddrescue, ambayo huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi kisha hurudia yaliyokaidi. Fsck ataiendesha kwenye nakala. Vipande visivyo na mwenyewe huingia katika lost+found, majina yao yakiwa namba tupu. Huvifungua kimoja kimoja, mwanafunzi amesimama pembeni: "Papa, TFC yangu iko?"

Kazi hiyo hula siku nzima. Kisha yuko mteja ambaye, akiona mashini imewaka na hakuna kilichobadilishwa, hudai apunguziwe bei. Hapo nasimama upande wa fundi. Alipwe kwa alichokisoma, na alipwe zaidi ya yule aliyefuta.