Ziwa Bila Buluu

Fundi anayepamba kadi kwa maganda ya mgomba hana buluu. Shina la mgomba likikauka humpa weupe wa krimu, manjano hafifu, hudhurungi, na hudhurungi iliyokolea hadi kukaribia weusi, basi. Kisha mteja wa Homa Bay anakuja kumwomba kadi yenye ziwa. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, kwa sababu Ziwa Victoria atalileta bila kulipaka rangi. Anachagua ganda jepesi lililo jeupe kuliko yote, analilaza ili nyuzi zake zipite kutoka ukingo huu hadi ule, na jicho linaona maji yaliyotulia. Mafunjo ya ufuoni huyakata kwenye ganda lilo hilo, ila nyuzi safari hii zimesimama wima. Mwelekeo wa nyuzi peke yake umetenga maji na majani.

Usiku ni mgumu zaidi. Wavuvi wa omena hutoka gizani na taa zao, na anayetazama kutoka Mbita huona ziwa limetapakaa nuru. Fundi huanza na ganda jeusi, kisha kwa ncha ya wembe anachonga vipande vya ganda jeupe, vidogo kuliko punje ya mtama, na kuviinua kwa sindano. Havigandishi upesi. Anavipanga vikavu, anarudi nyuma hatua moja, anatazama, anasogeza kimoja, anaondoa viwili. Mashua aliyokwisha kuikata kwa taabu huenda nayo ikaondolewa, kwa kuwa taa zimeshasema kuna mashua. Uamuzi huo wa kuondoa ndio ninaouheshimu kuliko wepesi wa mkono. Wembe mtu hufundishwa. Kujua kwamba picha imetosha huchukua miaka.

Kwa mteja wa Migori, pengine picha itakuwa Thimlich Ohinga, boma la mawe lililo kaskazini-magharibi mwa mji huo, ambalo UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake zilijengwa bila udongo wala saruji. Jiwe hushikwa na jiwe. Angeweza kuchora mistari juu ya ganda moja na kuliita ukuta. Fundi wa kweli hukata kila jiwe peke yake, makubwa na madogo, hakuna mawili yanayofanana, akayapanga juu ya ganda jeusi ili mwanya mwembamba ubaki kati yao. Naona anafanya kazi ya wajenzi wale wale, ila yeye ukuta wake unaingia kwenye bahasha.

Karatasi yenyewe ya kadi nayo ina hadithi ya ziwa. Magugumaji yalitoka Amerika Kusini, na kufikia mwaka 1998 yalikuwa yamefunika hekta zipatazo 17,000 za ziwa upande wa Kenya, mashua zikakwama na bandari ndogo zikazibwa. Huko Kisumu, kituo cha Kisumu Innovation Centre Kenya kilijulikana kwa kuyageuza kuwa samani, karatasi na kadi. Njia ni ndefu lakini vifaa si vya ajabu. Mizizi na majani hutupwa, mabua yakakatwakatwa, yakachemshwa kwa soda kali ile inayotengenezea sabuni, yakaoshwa sana, kisha yakatwangwa. Nyuzi za gugu peke yake hutoa karatasi inayovunjika upesi, kwa hiyo huchanganywa na karatasi kuukuu zilizolowekwa. Fremu yenye wavu huzamishwa ndani ya rojo hilo, ikainuliwa sawasawa, ikatikiswa kidogo mbele na nyuma, kushoto na kulia, ili nyuzi zikumbatiane kabla maji hayajaisha kuchuruzika. Mtikiso ukichelewa, karatasi hutoka nene huku na nyembamba kule.

Karatasi nene ya mkono ukiikunja tu, mgongo wake hupasuka. Basi hupigwa kwanza mstari kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, na mfereji huo mdogo ndio unaobaki upande wa nje wa mkunjo. Kadi iliyokunjwa vizuri husimama mezani bila kuyumba.

Na ndani? Kadi za dukani, hasa zile za kuwatakia heri watahiniwa wa KCSE, mara nyingi huja na beti ndefu za Kiingereza, zimekwisha kusema kila kitu kwa niaba ya mtumaji. Fundi wa kadi ya mkono huacha ukurasa mtupu. Siuoni utupu huo kama upungufu. Naona ndicho kitovu cha usanifu wote. Nje amesema yake, ndani amemwachia bibi wa Rongo aandike Kidholuo chake, au mjomba wa Kehancha Kikuria chake, kwa herufi kubwa kadiri ya macho yake. Ndiyo maana picha ya mbele haipaswi kupiga kelele: kuna mtu mwingine atakayezungumza baada yake.

Lakini utupu nao una kazi yake. Karatasi ya mkono ikiachwa hivi hivi hufyonza wino, maneno yakavimba na kufifia. Kwa hiyo hupakwa uji mwembamba wa wanga wa muhogo, zao lisilokosekana katika kaunti za Homa Bay na Migori, ukasambazwa kwa brashi pana, karatasi ikaanikwa tena na kukandamizwa. Uji ukizidi, karatasi hung'aa na kalamu huteleza. Ukipungua, ni kama hakuna kilichofanyika. Kabla hajakata kadi hata moja, fundi huchukua ukanda wa pembeni na kuuandikia kwa kalamu ya bei rahisi, ile ambayo mnunuzi atakuwa nayo mfukoni. Herufi zikitawanyika kwenye nyuzi, karatasi zote za siku hiyo hurudishiwa uji.