Jamu Isiyopita Motoni

Ukitaka kumjua fundi wa matunda, mnyime moto. Jamu ya kuchemsha ina msamaha mwingi. Nanasi likiwa chachu unaongeza sukari, embe likiwa gumu sufuria italilainisha, na hata tunda lililochoka kwa jua la sokoni likikaa jikoni saa nzima hupata heshima. Isiyopikwa haina pa kujificha. Ulichokosea kununua utakila kwenye mkate.

Hapa Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, jamu isiyopikwa haikuja kwa anasa. Nakivale imepokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950. Walianza Wanyarwanda, leo Wakongo ndio wengi, na kila kizazi kimekata kuni. Kwenda kuokota kuni kwenye mashamba ya wenyeji ni kutafuta ugomvi. Na tangu 2023, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipoanza kuzigawa familia kwa makundi ya uhitaji na mgao ukapungua, kuwasha mbabula, jiko letu la mkaa, ni jambo la kufikiria mara mbili. Mkaa wa maharagwe hauguswi, maana maharagwe hayana njia nyingine. Tunda linayo.

Njia yenyewe ni chia. Wakulima wengi wa Uganda waliikimbilia mbegu hiyo miaka ya karibuni, bei ikapanda, kisha ikaporomoka. Ikilowa hutoa ute, na inaweza kunywa maji mara kumi ya uzito wake. Wamarekani huigandisha jamu yao mbichi kwa unga wa pektini na kuitia kwenye friza, lakini friza si kitu cha kutegemea huku. Gelatini usijisumbue nayo. Nanasi na papai visivyopikwa vina vimeng'enya vinavyokata protini, na gelatini ni protini, kwa hiyo utangoja mpaka usiku na bakuli litabaki uji. Ute wa chia si protini. Nanasi haliuwezi.

Kazi kubwa hufanyika sokoni, hasa ukibahatika kufika mjini Mbarara. Muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza kwanza, "Mama, ya leo au ya kesho kutwa?" Jibu ni ya leo, tena ya leo mchana. Nanasi linusiwe kitakoni, si kwenye majani. Pasheni usiichague kwa kung'aa. Ile iliyokunjamana kidogo ndiyo imepunguza ukali.

Nyumbani, chupa ndiyo inayopata maji ya moto, yale yaliyobaki kwenye chai. (Moto umeingia kwa mlango wa nyuma, nakubali.) Menya nanasi, ng'oa macho yote, toa moyo wake mgumu, kisha usisage. Katakata vipande vidogo, uviponde kwa mchi mpaka upate vikombe viwili vya rojo ambalo tunda bado linaonekana ndani yake. Tia vijiko viwili vya chakula vya chia, kimoja au viwili vya sukari, na kimoja cha maji ya ndimu. Koroga, ngoja dakika tano, koroga tena. Huko kukoroga kwa pili ndiko watu wanakokuruka, na bila huko mbegu hushikana zikatulia chini kama mayai ya chura.

Baada ya nusu saa inua kijiko. Jamu inashuka taratibu, inasita kwenye ncha, halafu inakatika kwa uzito wake. Njano ni ile ile ya sokoni, na harufu bado ni ya tunda lililokatwa sasa hivi. Harufu hiyo ndiyo moto huichukua mapema. Jikoni kwa mchemsha jamu kunanukia vizuri kwa sababu chupa yake inaibiwa.

Papai linataka ndimu zaidi, kwa kuwa lenyewe halina uchachu wa kutosha, na uchachu hapa si wa ulimi tu, ndio unaowachelewesha vijidudu. Embe ni rahisi mno, sitalisemea.

Itadumu? Kwenye friji, siku chache. Bila friji tengeneza ya leo na ya kesho asubuhi, basi. Jamu ya kiwandani hudumu kwa kuwa kuchemka kumefukuza maji, nayo sukari, inayozidi nusu ya uzito wake, imeyafunga yaliyobaki. Yetu haina ulinzi huo. Ukiona vipovu vinapanda ukingoni na pua inapata harufu ya pombe, nanasi limeshashika njia ya tonto, ile pombe ya ndizi. Mwaga, usimpe mtoto.

Kila mara hatokosekana mwenye akili ya biashara wa kuniambia tuipeleke Mbarara tukauze. Barabara ya vumbi, jua la saa saba, chupa kwenye mfuko nyuma ya boda boda! Ikifika mjini kifuniko kitakuwa kimevimba, na shirika la viwango, UNBS, lina haki ya kuuliza maswali ambayo chupa hiyo haitayajibu. Anayetaka duka anunue mkaa, achemshe, na sukari yake aipime kwa mizani. Ni kazi halali na ina mafundi wake. Ila asije kwangu kuomba vipimo, maana hivi vyangu vitamtia hasara.