“Haramu” kama Sifa ya Mtu: Usawiri wa Msomali katika Taarifa za Habari za Runinga nchini Kenya

Taarifa ya habari ya runinga ni masimulizi. Ina msimulizi, wahusika na mgogoro, na kama ilivyo katika riwaya, itikadi yake hudhihirika zaidi katika uteuzi wa msamiati kuliko katika maoni yanayotamkwa waziwazi. Mfano bora ni usawiri wa Wasomali wakati wa operesheni ya Usalama Watch, iliyoanza Aprili 2014 kufuatia shambulio la Westgate la Septemba 2013 na milipuko ya Eastleigh ya Machi 31, 2014. Maelfu ya watu walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani ili uraia wao ukaguliwe.

Istilahi iliyozoeleka katika taarifa za namna hii ni “wahamiaji haramu”. Asili ya neno haramu ni sheria ya Kiislamu, ambamo huhukumu tendo, chakula au mali. Likiambatishwa na mtu, msikilizaji hulipokea pamoja na mwangwi wa “mwanaharamu”. Kosa huwa la kuzaliwa, wala si la stakabadhi. “Mhamiaji asiye na kibali” hutaja upungufu wa karatasi tu, na karatasi huweza kupatikana. Fauka ya hayo, vitenzi vinavyoandamana na istilahi hii ni vya uwindaji: watu “husakwa”, kisha “hunaswa”.

Jina “Msomali” nalo lina utata. Humtaja kwa usawa raia wa Kenya aliyezaliwa Garissa na mkimbizi wa Dadaab, ambako kambi zilifunguliwa mwaka 1991. Msimulizi asipobainisha, tofauti ya kisheria hufutika, na raia mwenye kitambulisho hujikuta akidaiwa uthibitisho ambao jirani yake hadaiwi. Shaka hii si ngeni: mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wachujwe upya.

Kuhusu sauti, Stuart Hall na wenzake walionyesha katika Policing the Crisis (1978) kwamba vyombo vya habari huwapa wakuu wa dola nafasi ya kufasili tukio kabla ya wengine. Ndivyo ilivyo hapa. Picha humwonyesha mtu akipandishwa lori la polisi, lakini anayesema aghalabu ni afisa. Mhusika huonekana pasipo kusikika.

Yaweza kudaiwa kwamba mtangazaji hutafsiri tu taarifa ya polisi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Utetezi huu haukidhi, kwani tafsiri ni uteuzi, na Kiswahili hakikosi msamiati usiomhukumu mtu. Kwa hiyo, mhakiki aliyezoea kuuliza ni nani asimuliaye riwaya, na ni nani aliyenyamazishwa ndani yake, hana budi kuiuliza taarifa ya saa moja jioni maswali yayo hayo. Mhusika wa riwaya hadhuriki kwa jina alilopewa na msimulizi. Aliyezuiliwa Kasarani alidhurika.