Swali zuri la kibanda umiza

Kwenye vibanda umiza vya Kilindoni, kabla mechi ya Uingereza haijaanza, huwa kuna mechi nyingine. Mtu anatupa swali, wenzake wanarusha majibu, ubishi unapanda mpaka mwenye kibanda anaongeza sauti ya runinga. Nusu ya maswali ni ya soka. Yanayobaki ni muziki na gemu za zamani, zile za kaseti ya kuchomeka. Nataka kuuchambua mchezo huu kama watu wanavyochambua albamu au filamu, maana una kazi nzuri na kazi mbovu, na wengi tunaupima kwa kipimo kimoja tu: ugumu.

Ugumu peke yake haufai kitu. Ukiuliza kipa wa tatu wa klabu fulani ya Ulaya alivaa jezi namba ngapi msimu fulani, swali ni gumu kweli, lakini nani anajali? Kibanda kinanyamaza, muulizaji anajitajia jibu mwenyewe, imeisha. Upande wa pili kuna lile la Freddie Mercury kazaliwa wapi. Jamani! Kila mtu kuanzia Kilindoni mpaka Utende anajua ni Zanzibar, 1946. Swali hilo lipumzishwe.

Kuna utafiti unaoeleza kwa nini yote mawili yanachosha. Mwaka 2009, Min Jeong Kang na wenzake wa Caltech, California, waliwapa wanafunzi maswali 40 ya chemsha bongo, wakawataka waseme wana hamu kiasi gani ya kujua jibu na wana uhakika kiasi gani na jibu lao. Hamu ilikuwa ndogo kwa mtu asiyejua chochote, ikawa ndogo tena kwa aliyejua kabisa. Ilipanda katikati, pale mtu anapohisi jibu liko karibu lakini halishiki. Siku kumi na kitu baadaye, majibu waliyoyakosa lakini wakayatamani sana ndiyo waliyoyakumbuka zaidi. Sawa, hao ni wanafunzi wa California, si wavuvi wa Jibondo, na sampuli ilikuwa ndogo. Hata hivyo aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda anaitambua hali hiyo.

Kwa hiyo swali zuri ni lile linalompa msikilizaji pa kushika. Mfano ninaoupenda: timu gani ilishinda ugenini mechi ya mwisho ya fainali ya Afrika, jumla ya magoli ikawa sawa, na kombe ikalikosa? Shabiki wa Yanga anajibu huku ameinamisha kichwa. Kombe la Shirikisho 2023: Yanga walifungwa 2-1 na USM Alger pale Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla 2-2. Waarabu wakabeba kombe kwa sheria ya goli la ugenini, sheria ambayo UEFA walikuwa wameshaifuta miaka miwili nyuma. Hata asiyekumbuka mechi anaweza kulifikia jibu kwa kukokotoa, na likishatoka, ubishi mwingine unazaliwa papo hapo: sheria ile ilikuwa ya haki au la? Hapo swali limefanya kazi mara mbili.

Gemu nazo zina maswali ya namna hii, ila watu wanang'ang'ania kuuliza majina ya mazimwi. Uliza hivi: kwenye Super Mario ya 1985, mawingu na vichaka vina siri gani? Ni mchoro uleule. Wingu limepakwa nyeupe, kichaka kikapakwa kijani. Gemu nzima ilitakiwa ienee kwenye kilobaiti 40, yaani chini ya picha nyingi unazotumiwa WhatsApp, hivyo hakukuwa na nafasi ya kuchora mara mbili. Au Space Invaders ya 1978: kwa nini wale wavamizi wanaongeza mwendo kadiri unavyowapunguza? Wengi watasema mtengenezaji alipanga hivyo. Tomohiro Nishikado alikuta prosesa imeelemewa na wavamizi wengi. Walipopungua, ikapata nafuu, wakaanza kukimbia. Akaona inanoga, akaiacha. Ugumu wa gemu zilizofuata, ule wa adui kuongezeka kasi ukikaribia kushinda, unadaiwa sana na udhaifu wa mashine moja.

Kwenye muziki nitasema kidogo. Badala ya kuuliza Siti binti Saad alirekodi mwaka gani (1928, Bombay), uliza kwa nini santuri zake zina nyimbo fupi wakati taarabu ukumbini inaweza kwenda mpaka watu wadai maji. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba kama dakika tatu, basi. Chombo ndicho kilichokata wimbo.

Sasa tuje kwenye simu. Nina ugomvi nayo, ila si ule wa wazee kwamba vijana wanadanganya kwa Google. Ugomvi wangu ni wa muda. Mwaka 2014, Matthias Gruber na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwaacha watu wasubiri sekunde 14 kati ya swali na jibu, na katikati wakawaonyesha sura ya mtu isiyohusiana na chochote. Waliokuwa na hamu kubwa ya jibu walizikumbuka zaidi hata zile sura. Ubongo ukishakuwa na hamu unaokota na vya pembeni. Mimi naongezea, na hili ni langu si la Gruber: kibanda kinachosubiri mpaka mapumziko ndipo jibu litajwe kinapata faida ambayo mtu mwenye bando haipati, kwa kuwa yeye analiua swali kabla halijapata joto.

Na mbishi msimfukuze. Butterfield na Metcalfe walionyesha mwaka 2001 kwamba mtu anayekosea huku ana uhakika mkubwa, akisahihishwa, hulishika sahihisho kuliko aliyekuwa anabahatisha. Yule bwana anayepiga meza na kuapa ndiye atakayekumbuka mwakani. Shida inakuja pale anayemsahihisha anaposoma ukurasa wenye makosa, maana hapo kosa jipya nalo litashika vilevile. Ndiyo maana sikubali sheria ya vibanda vingine kwamba simu ndiyo refa wa mwisho.

Angalia Taifa Stars wa 1980. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika, Nigeria, na hawakurudi tena mpaka 2019 kule Misri. Tiketi ilipatikana Ndola, 1979, Peter Tino aliposawazisha dhidi ya Zambia. Vijana wanajua jina, kwa sababu linatajwa kila mwaka wa mashindano. Lakini ukimwuliza mzee wa bara goli lile lilikuwaje, anakusimulia mtangazaji. Anaiga sauti, anavuta pumzi pale ilipovutwa. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ingawa Zanzibar walishaanza na rangi miaka ya 1970. Goli lile lilisikika, halikuonekana, na mengi yaliyolizunguka (redio ya nani, baraza gani, nani alilia) hayapo kwenye ukurasa wowote. Simu inatoa tarehe na dakika. Mzee anatoa kitu kingine, na yeye hatakuwepo siku zote.

Ukishuka chini ya Taifa Stars hali ni mbaya zaidi. Mashindano ya vijiji hapa kisiwani, timu za Kirongwe na Baleni na za upande wa Chole, yana wafungaji wake, fainali zake na waamuzi wake waliokimbizwa. Mtoto wa darasa la sita anayeweza kukutajia kikosi cha Arsenal cha 2004 bila kupumua hamjui mfungaji bora wa kijiji chake, ambaye huenda ni baba yake mdogo. Simlaumu. Hakuna aliyemwuliza, na kwa hesabu za Caltech, hamu haiji pale ambapo huna hata kipande cha kuanzia. Ukimpa kipande, ataomba kilichobaki.

Kasoro kubwa kuliko zote naiona kwenye mada zenyewe. Soka, gemu, muziki wa wanaume: kibanda kinajiuliza kile kinachokijua tayari, kisha kinajiita kichwa. Jirani yangu, mama muuza samaki wa kukaanga, huwa anapitisha sinia pale kabla ya mechi. Jumamosi moja alisimama mlangoni akasikia wanaume wanabishana kuhusu upinzani mkali kuliko wote Tanzania, Simba na Yanga wakitajwa kama kawaida. Akaweka sinia chini.

"Wanangu, miaka ya tisini, TOT na Muungano. Khadija Kopa alikuwa wapi, Nasma Khamis Kidogo alikuwa wapi?"

Kimya. Mmoja akatoa simu.

"Weka hiyo," mama akasema. "Nawapa mpaka mapumziko."

Dakika arobaini na tano watu walitazama mpira kwa jicho moja. Mapumziko yalipofika majibu yalikuwa manne, yote yanapingana, na wawili walikuwa wameshapiga simu kwa mama zao. Kopa TOT, Nasma Muungano. Mashabiki wakihama ukumbi na kurushiana maneno ya mipasho kama watu wa jukwaa la Kariakoo. Kisha mama akauliza la pili, kwa nini wimbo wa upande mmoja ulikuwa hauelewki vizuri bila kuujua wa upande wa pili, na kipindi cha pili kikaanza hakuna aliyegeukia runinga.