Mwenye Ukuta Ndiye Mwenye Dhamana ya Mlango

Kila mara watu wetu wanapopoteza maisha kwenye mkusanyiko mkubwa, sababu hutajwa kabla matanga hayajaisha: watu hawakuwa na subira. Nimeisikia sababu hiyo mara nyingi, na niliwahi kuitumia mimi mwenyewe nilipokuwa mkuu wa shule. Kwa hiyo ninapoikosoa hapa, nakosoa kitu ninachokijua vizuri.

Tarehe 21 Machi 2021 wananchi waliitwa katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kuuaga mwili wa Rais John Magufuli, aliyefariki tarehe 17 ya mwezi huo. Ndio uwanja ulioshuhudia kuzaliwa kwa uhuru wetu mwaka 1961, na ndipo Mwalimu Nyerere alipoagwa mwaka 1999 kabla ya kurudishwa Butiama, huku kwetu Mara. Watu wakaja kwa maelfu. Waliofariki katika msongamano huo walikuwa 45, baadhi yao wa familia moja. Idadi hiyo ilitangazwa na polisi baada ya marehemu Rais kuzikwa Chato tarehe 26 Machi. Pamoja na idadi hiyo likaja lile neno letu la siku zote: wapo waliokosa subira, wakataka kuingia kwa nguvu.

Sisemi kwamba neno hilo ni uongo. Huenda wapo waliosukuma. Nasema halitoshi, tena linamwelekezea kidole asiyeweza kujibu. Hebu tutazame jinsi mambo haya yanavyotokea.

Kwa Kiswahili tumezoea kusema "mkanyagano", na neno hilo hutufanya tuone picha ya watu wakorofi wanaokimbia juu ya wenzao. Wataalamu wa misongamano wanatueleza vingine. Watu wanapobanana wakafika sita au saba katika eneo la mita moja ya mraba, hakuna tena mtu anayetembea kwa hiari yake; umati huyumba kama maji, na aliyemo hupelekwa. Wengi hufa wamesimama, kwa kifua kubanwa hadi pumzi ikakatika. Aliye nyuma haoni yanayotokea mbele, na aliye mbele hana njia ya kurudi nyuma. Sasa subira tunamdai nani kati ya hawa wawili? Anayeweza kujua hali ilivyo ni yule aliye juu ya umati au nje yake, mwenye redio ya mawasiliano na ufunguo wa lango.

Niseme sasa la kwangu. Miaka ya 1980 gari la sinema lilikuja shuleni kwetu. Bwalo lilikuwa na mlango mmoja wa mbao mbili, unaofunguka kwa ndani. Nikaukaza upande mmoja kwa komeo ili wanafunzi wapite mmoja mmoja nami nipate kuwahesabu. Jenereta ilipowashwa, waliokuwa nje walidhani picha imeanza. Walisukumana, wavulana watatu wakazimia, na msichana mmoja akavunjika mfupa wa bega. Asubuhi yake paredini nilitoa hotuba ndefu juu ya subira, kisha nikawachapa viboko wale waliokuwa mbele kabisa, yaani wale waliosukumwa. Baba yake yule binti alikuja siku ya tatu. Hakugomba. Aliniuliza tu: "Mwalimu, ule upande wa pili wa mlango aliufunga nani?" Nilimjibu maneno mengi, wala hakuna hata moja lililokuwa jibu.

Swali la mzee yule ndilo linalokosekana katika taarifa zetu. Zisome kwa jicho la mwalimu wa lugha. Watu "walikosa" subira, watu "walilazimisha" kuingia: hapo mtenda yupo wazi. Lakini lango "lilifungwa", ukuta "ulianguka", msongamano "ulitokea": hapo mtenda ametoweka. Sarufi ya namna hiyo huwahukumu marehemu na kuwaficha walio hai.

Uingereza nao walipitia njia hii. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizuizi vya chuma, na hatimaye waliofariki kwa ajali hiyo wakafikia 97. Mkuu wa polisi uwanjani alidai kwamba mashabiki walivunja lango, kumbe lilifunguliwa kwa amri yake mwenyewe. Jaji Taylor aliandika mwaka uleule kwamba chanzo kikuu kilikuwa polisi kushindwa kuudhibiti umati. Hata hivyo familia zilisubiri hadi Aprili 2016 ndipo baraza la wazee wa mahakama likatamka kwamba ndugu zao waliuawa isivyo halali, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Ni miaka 27. Nani basi aliyekuwa na subira?

Kwetu orodha inaendelea kurefuka. Oktoba 2008 watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko mjini Tabora siku ya Idi. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi, kwenye uwanja wa Majengo, wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, mtu mmoja alifariki na 30 wakajeruhiwa. Sikukuu, ibada, msiba na mpira: shughuli ni tofauti, lakini mauti ni ya namna moja.

Watanijibu kwamba serikali haiwezi kuwa kila mahali. Ni kweli. Lakini yapo mahali ambapo tayari ipo. Sheria inamtaka mwenye mkutano wa hadhara kutoa taarifa polisi saa 48 kabla. Muda huo hutosha kuuliza: watakuja wangapi, malango ni mangapi, yanafunguka upande gani, na nani ataamuru yafunguliwe? Mimi naona tumeutumia zaidi kujiuliza nani atasema nini jukwaani. Vilevile sheria ya maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa kushuka hadi vijijini. Kamati ya maafa inayokutana baada ya mazishi ni kamati ya rambirambi. Na katika Uwanja wa Uhuru, serikali ndiyo iliyokuwa mwenye msiba, mwenye uwanja na mwenye askari. Hapakuwa na mwenyeji mwingine wa kulaumiwa.

Hapa Morotonga, kama katika vijiji vingi, mpira huchezwa mahali palipo wazi. Watu wakizidi, wa pembeni husogea nyuma hadi kwenye mashamba, na hakuna anayebanwa. Hatari huanza tunapojenga ukuta. Ukuta ni mzuri. Huleta kiingilio na heshima ya mchezo. Lakini anayewazungushia watu ukuta amewanyang'anya njia zao zote za kutokea, na amebakiza ile moja aliyoichagua yeye. Kuanzia siku hiyo uhai wao uko mkononi mwake.

Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027 zimekabidhiwa Kenya, Uganda na sisi. Tutajenga na kupaka rangi. Ombi langu ni dogo kuliko saruji hiyo: kila lango liwe na mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye ufunguo, milango yote ya kutokea ifunguke kwa nje, na likitokea la kutokea, taarifa ya uchunguzi iandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa hadi ofisi ya kata, ikisema wazi nani alifanya nini.

Yule mzee alikwisha fariki. Sikupata kumwambia kwamba niliufunga mimi.