Wanaosuka Mawe ya Lisbon

Fundi amekaa kwenye kigoda kifupi pembeni mwa kichochoro cha Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, jiwe jeupe kiganjani, nyundo mkono wa kulia. Anagonga mara mbili, analigeuza, anagonga tena, kisha analikalisha kwenye mchanga na kuinamia jingine. Watalii wanampita. Bajaji inapiga honi ili asogeze ndoo yake. Waliosimama kumtazama ni wawili tu, mke na mume kutoka Mombasa, ambao siku hiyo hawakuwa na haraka ya kufika popote.

“Bwana wee, huyu anasuka,” mke alisema. Alimaanisha kusuka ukili, namna vidole vinavyotafuta nafasi ya jani linalofuata bila macho kuambiwa.

Mume akacheka: fundi wa kabro angekuwa ameshamaliza mtaa mzima. Ni kweli, na hapo ndipo penye tofauti. Tofali za kabro hutoka kiwandani zikiwa na sura moja, lakini jiwe la Lisbon hupewa umbo na mkono, moja baada ya jingine, ili liingie penye pengo lililobaki. Kwa desturi halishikwi kwa saruji. Hulala juu ya mchanga, vinyufa vikajazwa, maji yakamwagwa, kisha likashindiliwa kwa gogo zito. Mvua hupenya katikati yake. Bomba likipasuka chini, mawe hung’olewa, bomba likatengenezwa, na mawe yaleyale yakarudishwa.

Waliendelea kupanda hadi ngome ya Mtakatifu George. Wao wanatoka mji ambao Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa hiyo kuta nene na mizinga havikuwatia ajabu. Jambo la kusimuliwa hapo liko miguuni. Mwaka 1842 Eusébio Furtado, aliyekuwa na mamlaka juu ya ngome hiyo, aliwatoa wafungwa akawaamuru wapange mawe meusi na meupe kwa mistari ya kupindapinda. Watu wa mjini wakapanda kilima kuyatazama. Miaka michache baadaye uwanja wa Rossio ulitandikwa mawimbi ya rangi hizohizo. Fani ambayo leo Ureno inajivunia, basi, ilianzia mikononi mwa watu waliokuwa kifungoni, na majina yao hayatajwi na yeyote.

Wakateremka kuelekea mtaa wa Baixa. Alfama iliponea tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, na ndiyo maana vichochoro vyake bado vinajikunja vitakavyo. Baixa iliangamia, ikajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka. Huko mawe yana nafasi ya kujionyesha: maua, nyota, na lile jahazi lenye kunguru wawili ambalo ni nembo ya jiji. Rossio penyewe mawimbi yanacheza hata macho yakadhani ardhi imeinama. Mawimbi kama hayo yalivuka bahari pamoja na Wareno. Yako Copacabana mjini Rio de Janeiro, yako uwanja wa Senado huko Macau.

Walichokitafuta kwa bidii kuliko vyote, hata hivyo, ni alama ndogo. Baadhi ya mafundi huacha sahihi yao sakafuni, umbo dogo jeusi lililofichwa penye weupe, bila jina wala tarehe. Hawaiweki katikati ya uwanja panapopigwa picha. Huiweka pembeni, penye kona, mahali ambapo ni fundi mwenzao tu atakayejua kuangalia. Kila walipopumzika, mke alikuwa ameinamisha kichwa akitafuta, na wapita njia wakidhani amedondosha kitu. Kuna unyenyekevu katika sahihi ya namna hiyo ambao ni nadra kuuona siku hizi, wakati kila kibanda kipya kina bango la aliyekifungua.

Wazee wa Lisbon wana malalamiko yao, nayo ni ya haki. Jiwe la chokaa likisuguliwa na nyayo hung’aa, na mvua ikinyesha huteleza. Mwaka 2014 jiji lilipitisha mpango wa kurahisisha njia za waendao kwa miguu, na mahali pengine mawe yamepisha sakafu laini. Ila lawama nyingine si ya jiwe. Likipangwa ovyo, na mtu asiyefundishwa, nyufa huwa pana, mawe huchomoka, kisha lawama hupewa fani nzima badala ya aliyelipua kazi.

Mafundi stadi wamepungua. Jiji lilifungua shule ya kazi hii mwaka 1986 kwa kuona hatari hiyo, lakini vijana hawakimbilii kazi ya kuinama kutwa juani. Jirani na Rossio, kwenye uwanja wa Restauradores, ipo sanamu ya shaba ya mwaka 2006 ya kuwaenzi mafundi hao, na mwaka 2021 ufundi wao uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika.

Heshima hizo ni njema, lakini haziwapi vijana sababu ya kushika nyundo. Serikali ya jiji ndiyo inayoendesha shule, na pia huajiri mafundi. Ianze kwa kuwapandishia ujira.