Uso wa Mbao za Kale: Hukumu juu ya Nakshi za Urnes

Kanisa la Urnes lasimama juu ya Lustrafjord, mkono wa bahari uingiao kati ya milima ya Norwei. Lilijengwa kwa mbao karibu mwaka 1130, nchi ile ingali Katoliki. Tangu 1979 limo katika orodha ya UNESCO. Katika ukuta wake wa kaskazini kuna mlango wa nakshi za karne ya 11, uliotoka katika kanisa lililotangulia. Wajenzi wangaliweza kuufanya kuni. Wakautia katika ukuta mpya.

Tutazame kwanza kazi yenyewe. Nyoka na mnyama wa miguu minne wanasongana na kuumana. Mwili mmoja waanza mnene, wapungua polepole, waisha mwembamba kama uzi. Uzuri wote umo katika kingo za mistari ile. Kingo zikilika, nakshi imekufa, hata kama ubao ungali mzima.

Na kingo ndizo zinazolika kwanza. Miali ya jua huvunja lignini, yaani gundi inayoshika nyuzi za mti, mvua huiosha, kuvu ndogo huleta rangi ya majivu. Mti laini ulioachwa wazi hupoteza kwa kadiri milimita 6 katika miaka 100. Huko kaskazini mwa dunia jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini hupigwa kidogo. Lakini mvua haubagui.

Wengine husema: Ipakwe lami. Lami ya msonobari ni dawa ya kale, nayo ni njema. Kanisa la Borgund, la karibu mwaka 1180, hupakwa lami hiyo, nasi twasifu. Vigae vya mbao viliwekwa vipokee mvua. Vikioza, fundi hukata vingine. Nakshi haina badala. Lami ikirundikana hujaza mifereji yake, na atakayekuja kuikwangua ataondoa ukingo pamoja na lami.

Wengine husema: Iachwe, kila kitu kina mwisho. Huo si unyenyekevu, ni uvivu. Mkataba wa Venezia wa mwaka 1964 wadai majengo ya kale yatunzwe daima. Kutunza ni kuangalia: kupiga picha mahali palepale, taa ikiwaka kutoka ubavuni ili kila mkwaruzo uonekane, kupima kina cha nakshi pointi zilezile, kuandika nyufa na unyevu. Kisha kuzuia maji yasikae. Mkono wa fundi uguse mwishoni, tena kidogo.

Ikiwa vipimo vitaonyesha kwamba kingo zinapungua, hukumu yetu ni hii: nakshi ziingizwe ndani, na nje iwekwe sanamu yake. Watasema tunaharibu jengo. Twajibu: wajenzi wa kanisa lile walikwisha kuzihamisha mara moja ili zisipotee. Kufuata nia yao si kuwasaliti.

Mapadri na makatekista wenye milango ya zamani parokiani, kabla ya sikukuu msikimbilie msasa na rangi mpya. Weupe ule wa majivu si uchafu. Chini yake mna alama za patasi ya mtu aliyemchongea Mungu, na msasa ukizifuta mara moja, hakuna fundi wa kuzirudisha.